Antena pepe au kuelekeza mwale: unaamua kabla ya kutuma au baada ya mwangwi kurudi?

Swali: Habari mhandisi. Nina bodi ya rada ya 77 GHz yenye antena 3 za kutuma na 4 za kupokea. Nataka kuifunga kwenye mashine inayojiendesha yenyewe uwanjani, ione watu na magari hadi mita 100 hivi. Mwenzangu ananiambia nitumie antena pepe, kwa sababu 3 mara 4 ni 12, kwa hiyo napata antena 12 za kupokea bure. Lakini kwenye maelezo ya chipu naona kuna vigeuza fezi vya kuelekeza mwale. Ipi ni bora? Na hizo antena 8 za ziada zinatoka wapi hasa?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na swali lako la mwisho, maana ukishajua antena hizo nane zinatoka wapi, hilo la ipi ni bora litakuwa limejibika nusu.

Kupima umbali na kasi, rada yako inahitaji antena moja tu ya kutuma na moja ya kupokea. Inatuma mlio, yaani wimbi ambalo frikwensi yake inapanda mfululizo, kisha inalinganisha mwangwi unaorudi na mlio unaoendelea kutoka. Tofauti ya frikwensi inakupa umbali. Badiliko dogo la fezi, yaani mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake wa nyuzi 360, kutoka mlio mmoja hadi unaofuata linakupa kasi. Kinachobaki ni pembe, na pembe haipatikani kwa antena moja.

Tuchukue namba za bodi yako. Kwa 77 GHz, wimbi moja lina urefu wa milimita 3.9. Antena nne za kupokea kwa kawaida hupangwa mstari mmoja, kila moja nusu wimbi kutoka kwa jirani yake, karibu milimita 1.95. Mwangwi ukitoka mbele kabisa unazifikia zote nne kwa pamoja. Ukitoka upande kwa nyuzi 14.5, unatembea kama nusu milimita zaidi kufikia kila antena inayofuata. Nusu milimita hiyo ni sehemu moja ya nane ya wimbi, ambayo ni nyuzi 45 za fezi. Kwa hiyo antena zako nne zinasoma 0, 45, 90, 135. Ngazi hiyo ndiyo pembe: ukiona fezi inapanda kwa 45 kila hatua, unajua kitu kiko nyuzi 14.5 upande ule.

Sasa tazama upande wa kutuma. Tuseme antena ya pili ya kutuma imewekwa mawimbi mawili kamili kutoka kwa ya kwanza, milimita 7.8. Kwa kitu kilekile cha nyuzi 14.5, wimbi linalotoka antena ya pili lina safari iliyozidi kwa milimita 1.95, nusu wimbi, sawa na nyuzi 180. Nyongeza hiyo inabebwa na mwangwi wote, kwa hiyo antena nne za kupokea sasa zinasoma 180, 225, 270, 315. Antena ya tatu ya kutuma, iliyo mawimbi mawili mbele zaidi, inakupa 360, 405, 450, 495. Panga masomo yote kwa mfuatano: 0, 45, 90, 135, 180, 225, na kuendelea hadi 495. Ngazi haikukatika popote. Ni kama ungekuwa na antena 12 za kupokea kwenye mstari mmoja wenye nafasi ya nusu wimbi.

Antena nane za ziada zinatoka hapo. Hakuna shaba iliyochapwa mahali pake. Kila antena pepe inakaa mahali ambapo nafasi ya mtumaji na nafasi ya mpokeaji zikijumlishwa zinaangukia. Tukihesabu kwa nusu wimbi, mtumaji yuko 0, 4 au 8. Mpokeaji yuko 0, 1, 2 au 3. Jumla zao zinajaza kila namba kutoka 0 hadi 11. Ndiyo maana nafasi kati ya watumaji ni jambo zito sana. Wangewekwa nusu wimbi tu kutoka kwa mwenzake, yaani 0, 1, 2, jumla zingerudiarudia mahali palepale na ungebaki na nafasi 6 tofauti badala ya 12.

Wazo hili lina babu yake kwenye darubini za redio. Mhandisi wa Australia Bernard Mills alijenga huko Fleurs, karibu na Sydney, darubini yenye umbo la msalaba iliyokamilika mwaka 1954. Mikono miwili iliyonyooka, ishara zake zikizidishwa, ilitoa mwale mwembamba ambao kwa njia ya kawaida ungehitaji kujaza eneo kubwa kwa antena. Napenda kuutaja msalaba ule kwa wanafunzi kwa sababu unaonyesha wazi kwamba kinachozidishwa ni miale ya safu mbili, na kuzidisha huko ndiko kunakotuunganisha na nusu ya pili ya swali lako.

Kuelekeza mwale ni hivi: unawasha watumaji wote watatu kwa pamoja, wakituma mlio uleule, lakini unachelewesha fezi ya kila mmoja kwa kiasi unachochagua. Upande mmoja mawimbi yao yanakutana vilele kwa vilele na kujumlishana. Pande nyingine yanapishana na kufutana. Ukibadilisha fezi, mwale unahama bila kitu chochote kuzunguka. Mwanafizikia wa Ujerumani Karl Ferdinand Braun alionyesha jambo hili kwa mawimbi ya redio mwaka 1905. Kwenye chipu za leo kigeuza fezi cha biti 6 kinakupa hatua 64, kila moja nyuzi 5.625.

Watu wengi wanadhani hizi ni teknolojia mbili zenye fizikia mbili. Si kweli. Chukua bodi yako ileile yenye watumaji waliotenganishwa mawimbi mawili, uwashe wote watatu kwa fezi sawa. Kwa kuwa wako mbalimbali, hutapata mwale mmoja. Utapata mmoja mbele, wengine wawili wenye nguvu ileile nyuzi 30 kushoto na nyuzi 30 kulia, na mingine ukingoni kabisa. Hiyo ni miale pacha, na mtu anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani bodi imeharibika. Sasa pima mwale wa safu ya kupokea, antena nne zenye nusu wimbi. Una mashimo, sehemu ambazo haisikii kabisa, na mashimo hayo yako nyuzi 30 kushoto, nyuzi 30 kulia, na ukingoni. Yanaangukia juu ya miale pacha, moja kwa moja. Zidisha mwale wa kutuma kwa mwale wa kupokea na kinachobaki ni mwale mmoja mwembamba, uleule ambao safu ya antena 12 ingeutoa. Na ukiugeuzia upande mwingine, ukigeuza kutuma na kupokea kwa pamoja, miale pacha na mashimo yanahama pamoja.

Kwa hiyo mwale ni uleule. Tofauti ni saa ya kuamua. Ukielekeza mwale kwa vigeuza fezi, unaamua wapi pa kutazama kabla wimbi halijatoka, na ukishatuma huwezi kubadili mawazo. Ukitumia antena pepe, unatuma bila kuchagua, unaweka kila jibu mahali pake kwenye kumbukumbu, na unaelekeza mwale baadaye kwa hesabu, upande wowote, mara nyingi utakavyo, juu ya mwangwi uleule. Ukishalishika hili, karibu kila faida na kila hasara ya njia hizi mbili inafuata yenyewe.

Faida ya kuamua baadaye ni kubwa kwa mashine yako. Safu ya antena N zenye nusu wimbi hutenganisha vitu viwili mbele yake vikipishana kwa takriban 2 gawanya kwa N, kwa radiani. Antena 4 zinakupa nyuzi 28.6, antena 12 zinakupa nyuzi 9.5. Kwa umbali wa mita 20, nyuzi 28.6 ni upana wa mita 10, na nyuzi 9.5 ni mita 3.3. Mtu amesimama mita 4 pembeni mwa lori lililoegeshwa, wote wawili mita 20 kutoka kwenye mashine. Kwa antena 4 mtu huyo na lori ni donge moja. Kwa antena 12 ni vitu viwili.

(Usisahau, hata hivyo, kwamba pembe ni njia ya mwisho ya kutenganisha vitu. Ukitumia mlio wenye upana wa 1 GHz unatenganisha vitu vilivyopishana sentimita 15 kwa umbali, na mtu anayetembea anajitenga na lori lililosimama kwa kasi yake tu. Nimeona watu wakihangaika kuongeza antena wakati mlio wao ulikuwa mwembamba mno.)

Sasa neno "bure" alilotumia mwenzako. Hapo simkubalii, na ndipo ningependa utulie nami kidogo.

Ili antena pepe zipatikane, mpokeaji lazima ajue mwangwi huu umeletwa na mtumaji yupi. Njia rahisi, na ndiyo inayokuja na mifano mingi ya programu, ni watumaji kupokezana zamu: wa kwanza anapiga mlio, kisha wa pili, kisha wa tatu, kisha unarudi mwanzo. Wakati mmoja anatuma, wawili wamenyamaza. Una vikuza nguvu vitatu ulivyolipia na unatumia kimoja.

Tuhesabu kwa milio mitatu. Nguvu ya ishara ikilinganishwa na kelele, kwa mtumaji mmoja na mlio mmoja, tuiite 1. Kwa zamu, milio mitatu ikijumlishwa vizuri inakupa 3, na inakupa 3 hiyo kwa pande zote. Ukiwasha wote watatu na kuwaelekeza upande mmoja kwa milio yote mitatu, kila mlio una ukubwa mara tatu, nguvu mara tisa, na milio ni mitatu: 27. Tofauti ni mara 9, karibu desibeli 9.5. Mwangwi wa rada hupungua kwa umbali ukizidishwa wenyewe mara nne, kwa hiyo mara 9 ya nguvu inakuongezea umbali mara 1.73. Kitu ambacho kwa zamu kinaanza kuonekana mita 60, mwale ulioelekezwa kwake unakiona karibu mita 104. Kwa rada kubwa zenye watumaji 12, pengo hilo ni mara 144 ya nguvu na mara 3.46 ya umbali.

Lakini ukitaka huo mwale uliokusanywa uzunguke pande tatu, milio mitatu inagawanywa, mmoja kila upande, na kila upande unapata 9. Hiyo 9 ndiyo hasa utakayoipata kwa antena pepe endapo watumaji wote watatu watatuma kwa pamoja wakiwa wametiwa alama tofauti badala ya kupokezana. Nishati ni ileile. Kuelekeza mwale hakuzalishi nguvu mpya. Kunaihamisha kutoka pande usizozijali kwenda upande unaoujali. Kama unajali pande zote sawasawa, hakuna cha kuhamisha, na faida inayeyuka. Kanuni za matumizi ya redio nazo huweka kikomo kwa nguvu inayotoka upande ule ambako mwale ni mkali zaidi, kwa hiyo rada yenye watumaji wengi sana haiwezi kuongeza ukali bila mwisho. Kwa watumaji wako watatu huna haja ya kuogopa kikomo hicho, ila hesabu yake ifanye.

Bei ya pili ni kasi, na hii ndiyo inayowauma wengi kwa sababu haionekani mezani. Rada hupima kasi kwa kutazama fezi inavyohama kutoka mlio hadi mlio wa mtumaji yuleyule. Fezi ikihama zaidi ya nusu mzunguko, haijui tena kama kitu kinakuja au kinaondoka. Milio ikifuatana kila mikrosekunde 30, mpaka huo uko kwenye mita 32 kwa sekunde, kama kilomita 117 kwa saa. Zamu za watumaji watatu zinafanya kila mtumaji arudi baada ya mikrosekunde 90, na mpaka unashuka hadi kilomita 39 kwa saa. Kwa watumaji 12 ungebaki na kilomita 10 kwa saa, kasi ya mtu anayekimbia taratibu.

Weka hilo uwanjani kwako. Mashine inakwenda kilomita 20 kwa saa, gari linakuja mbele yake kwa 30. Kasi ya kukaribiana ni 50, zaidi ya 39. Rada haitakwambia kwamba haijui. Itakwambia, bila kusita, kwamba gari linaondoka kwa kilomita 28 kwa saa. Mashine inayoamini hivyo haitafunga breki. Kwa hiyo neno "bure" linanikera katika somo hili.

Na kuna kosa jingine dogo lililojificha kwenye zamu. Rudi kwenye ile ngazi ya 0, 45, 90, 135. Kitu kikiwa kinasogea mita 10 kwa sekunde, katika mikrosekunde 30 kati ya mtumaji wa kwanza na wa pili kinasogea milimita 0.3. Kwenda na kurudi ni 0.6, na 0.6 ya milimita 3.9 ni kama nyuzi 55 za fezi. Mtumaji wa pili alipaswa kuanza na 180. Tuseme mwendo unaongeza, ataanza na 235. Sasa ngazi yako inapanda 45, 45, 45, halafu ghafla 100, kisha inaendelea 45. Ukiipeleka hivyo kwenye hesabu ya pembe, mwale unapinda, miale ya pembeni inavimba, na unaona kitu cha pili ambacho hakipo. Dawa yake ni kupima kasi kwanza, kuondoa nyuzi 55 hizo, kisha ndiyo upime pembe. Inafanya kazi vizuri, mradi kasi uliyopima ni ya kweli. Kama kasi imeshajikunja, yaani imevuka ule mpaka na kusomeka vibaya, unaondoa kiasi kisicho sahihi na kuharibu pembe pia. Makosa mawili yanashikana mikono.

Wabunifu wa bodi wenye busara hukubali kupoteza antena pepe moja au mbili ili kulinda dhidi ya hilo: wanapanga watumaji na wapokeaji ili jozi mbili tofauti ziangukie nafasi moja pepe. Jozi hizo zinatazama kutoka mahali pamoja, kwa hiyo fezi zao zikitofautiana, tofauti hiyo imeletwa na mwendo peke yake. Una kipimo cha kasi ndani ya safu yenyewe. Nadhani hili ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa katika fani hii.

Njia nyingine ya kukwepa zamu ni kuwasha watumaji wote na kumpa kila mmoja hatua yake ya fezi inayoongezeka mlio baada ya mlio. Mtumaji wa kwanza habadiliki, wa pili anazungushwa robo kila mlio, wa tatu nusu. Kwa mpokeaji, mzunguko huo unafanana na kasi ya bandia, kwa hiyo kitu kimoja kinaonekana mara tatu kwenye mhimili wa kasi, kila nakala ikiwa ya mtumaji wake, na robo ya nne inabaki tupu. Pengo tupu ndilo linalokuonyesha nakala ipi ni ya nani. Unarudisha nguvu uliyokuwa ukipoteza, na vigeuza fezi ulivyoviona kwenye maelezo ya chipu ndivyo vinavyotumika. Ndiyo, vilevile vya kuelekeza mwale. Ukiwa na vitu vingi vya kasi mbalimbali kwa umbali mmoja, nakala zinaanza kugongana, na hapo programu inahitaji akili zaidi. Kwa mtu anayeanza, ningesema anza na zamu uielewe, kisha uhamie huku.

Upande wa hesabu nao una uzito wake. Rada yenye watumaji 12 na wapokeaji 16 ina antena pepe 192. Kwa sampuli 256 kila mlio na mizunguko 64, kila sampuli ikichukua baiti 4, fremu moja, yaani kundi moja la milio linalochakatwa pamoja, inajaza megabaiti 12. Fremu ya mwale ulioelekezwa, yenye wapokeaji 16 tu, inajaza moja. Wewe mwenye 12 huna shida hiyo, ila uijue kama utaunganisha chipu kadhaa baadaye.

Kuna mahali ambapo kuamua kabla ya kutuma kunashinda kwa sababu isiyohusu nguvu wala kasi. Ni penye kuta. Hesabu yote ya antena pepe inadhani wimbi limetoka kwa pembe fulani na kurudi kwa pembe hiyohiyo. Karibu na ukuta wa chuma, wimbi linaweza kwenda ukutani, likaruka hadi kwa mtu, likarudi moja kwa moja. Limetoka kwa pembe moja na kurudi kwa nyingine. Ngazi ya ndani ya kila kundi la wapokeaji inasema jambo moja, na mruko kati ya makundi unasema jingine, hivyo hesabu inaweka mtu wa bandia mahali pasipo mtu. Mwale uliobanwa, usiomulika ukuta tangu mwanzo, hauzalishi mwangwi huo. Hakuna hesabu ya baadaye inayofanya kazi vizuri kuliko kutolimulika tatizo. Hii inadai mwale wa kutuma ulio mmoja kweli, na hapo watumaji waliotenganishwa mawimbi mawili, na miale yao pacha, hawatakusaidia kitu. Kwa kazi hiyo watumaji lazima wakae nusu wimbi, na kwa watumaji watatu mwale wenyewe bado ni mpana, karibu nyuzi 34 hadi 36. Mpangilio wa shaba kwenye bodi ndio unaoamua, na haubadilishwi na programu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba ufanye ni kufungua mchoro wa bodi yako na kupima umbali kati ya watumaji. Ukikuta milimita 7.8, bodi imejengwa kwa ajili ya antena pepe. Ukikuta milimita 1.95, imejengwa kwa kuelekeza mwale. Bodi nyingi za aina yako zina watumaji wawili wenye mawimbi mawili kati yao, na wa tatu amepandishwa juu kidogo ili kupima kimo. Kama ni hivyo, antena zako pepe za mlalo ni 8, si 12, na uwezo wa kutenganisha ni nyuzi 14.3. Ile mita 3.3 niliyokuhesabia kwa mita 20 inakuwa mita 5, na mtu aliye mita 4 kutoka kwenye lori anarudi kuwa donge. Afadhali ulijue hilo mezani.

Sasa ipi ni bora kwa mashine yako? Mita 100 kwa gari na mita 100 kwa mtu ni madai mawili tofauti. Kwa makadirio yanayotumika sana, gari linarudisha mwangwi kama kitu cha mita 10 za mraba, mtu kama mita 1. Mara kumi ya nguvu ni mara 1.78 ya umbali: rada inayoanza kuona gari mita 100 itaanza kumwona mtu karibu mita 56. Kwa hiyo huwezi kuchagua njia moja na kuiacha nyingine. Kwa vitu vya karibu, unahitaji pembe nzuri pande zote, kwa sababu mtu anaweza kutokea popote. Mbali, unachojali ni njia ya mbele tu, na unahitaji nguvu.

Ningegawa muda wa rada katika fremu mbili zinazofuatana. Ya kwanza ni ya antena pepe, kwa zamu, mlio mpana wa 1 GHz au zaidi, kwa mita 50 za kwanza. Ya pili ni ya mwale ulioelekezwa mbele, watumaji wote wakiwashwa, mlio mwembamba zaidi ili umbali mrefu uingie. Kama bodi ina miale pacha, iache: pande zile za nyuzi 30 zitatenganishwa na mashimo ya safu ya kupokea, na nguvu ya mwale wa mbele ni ileile mara 9. Kama mmoja wa watumaji amepandishwa juu, bado jumla yao mbele inafanya kazi.

Uzuri wa mpango huu hauko kwenye umbali peke yake. Fremu ya pili haina zamu. Kila mlio unafanana na uliotangulia, kwa hiyo mpaka wake wa kasi ni kilomita 117 kwa saa, si 39. Lile gari lililodaiwa kuondoka kwa 28 litaonekana hapa likija kwa 50. Ukilinganisha vitu vya fremu mbili kwa umbali, kasi ya kweli ya fremu ya pili inarudi kwenye fremu ya kwanza, inasahihisha fezi kati ya watumaji, na pembe inakaa sawa.

Kabla ya kuamini lolote, sawazisha njia zako, yaani kila jozi ya mtumaji na mpokeaji. Kwa 77 GHz, kosa la sehemu ya kumi ya milimita katika hewa ni nyuzi 9 za fezi, na ndani ya bodi ni zaidi, kwa hiyo njia 12 hazitoki kiwandani zikiwa sawa. Weka kiakisi cha kona, vile vya chuma vyenye kuta tatu, mbele kabisa ya rada kwa mita 5 au zaidi, mahali pa wazi, kisha soma fezi za antena zote 12. Zilipaswa kulingana, tofauti utakazoziona ndizo za kuondoa. Fanya hivyo kifuniko cha plastiki kikiwa kimefungwa, si kabla. Niliwahi kusawazisha rada vizuri sana ikiwa wazi, tukaifunga kifuniko, na pembe zote za pembeni zikahama. Siku nzima ilipotea tukitafuta kosa kwenye programu. Kwa plastiki yenye kigezo cha umeme (kinachoonyesha jinsi wimbi linavyofupika ndani yake) cha karibu 2.8, unene wa milimita 1.2 ni kama nusu wimbi ndani yake, na hapo wimbi linapita kwa mrudisho mdogo kabisa.

Ukimaliza, sogeza kiakisi hadi nyuzi 14.5, umbali uleule, uchapishe fezi 12 kwenye skrini bila hesabu nyingine yoyote. Zikipanda kwa 45 kila hatua, hasa pale kati ya ya nne na ya tano na kati ya ya nane na ya tisa, safu yako pepe iko sawa. Kisha mwambie mtu akibebe kiakisi akitembea kuja kwenye rada, na utazame ngazi ikivunjika sehemu hizohizo mbili.